Nani Amekaa Pembeni ya Kinanda?

Alikuja Jumatano saa kumi jioni, daftari jipya mkononi na miwani ya kusomea ikining'inia shingoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akavuta benchi na kukaa mbele ya piano, mikono mapajani, kama mtoto wa darasa la kwanza anayesubiri jina lake liitwe. Alikuwa muuguzi. Alistaafu akiwa na miaka 60, na mwaka mmoja ulikuwa umeshapita. "Mwalimu," akaniambia, "kabla hatujaanza, nieleze ukweli. Nimechelewa?"

Nimefundisha piano hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 20, na swali hilo nimelisikia mara nyingi kuliko jingine lolote. Wanaoliuliza zaidi ni wazazi vijana. Asubuhi ya siku hiyohiyo mama mmoja alikuwa amenipigia simu akitaka kujua kama mwanawe wa miaka mitatu na nusu ameshapitwa na wakati, kwa kuwa mtoto wa jirani alianza alipotimiza mitatu. Sauti yake ilikuwa na hofu ya kweli. Basi kwa siku moja nilikuwa na mama wa miaka 61 na mtoto asiyejua bado kufunga kamba za viatu, na wote wawili wamewekwa kwenye foleni moja ya waliochelewa.

Hofu hii inaniuma, kwa sababu nimeona inavyofanya kazi. Inawachosha watoto wadogo kwa jambo ambalo lingeweza kuwa raha yao, na inawarudisha mlangoni watu wazima ambao wangepiga vizuri tu. Naamini tumekuwa tukiuliza swali lisilo lake. Tunauliza mtu ana miaka mingapi. Mimi nimejifunza kuuliza nani atakaa naye pembeni ya kinanda, maana hapo ndipo nimeona watu wakisimama au wakianguka, wawe na miaka mitano au hamsini.

Wanaowakimbiza watoto hupenda kunitajia methali: samaki mkunje angali mbichi. Ni methali nzuri, lakini ni ya malezi. Inamwonya mzazi anayeiacha tabia mbaya ikaukie ndani ya mtoto hadi isikunjike tena. Wazee walioisema walijua fika kwamba mtu mzima hujifunza. Nahodha alijifunza mkondo na mwamba wa bahari ngeni akiwa na mvi kichwani. Mwanamke aliyeolewa mbali alijifunza mapishi na lafudhi ya ukweni hadi wageni wakadhani kazaliwa huko. Hakuna aliyewaambia kuwa samaki wao amekauka.

Hata hivyo sitamficha msomaji yaliyo kweli. Kuanza mapema kuna faida, na baadhi ya faida hizo baadaye hazipatikani. Mwaka 1995 Gottfried Schlaug na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha ubongo wa wanamuziki na wa watu wasio wanamuziki. Walipima lile daraja la nyuzi za neva linalounganisha upande wa kushoto wa ubongo na wa kulia, wakakuta sehemu yake ya mbele ni kubwa zaidi kwa wanamuziki walioanza kabla ya kutimiza miaka saba. Kwa mpiga piano si jambo dogo hilo, kwani kazi yake yote ni kuifanya mikono miwili iseme mambo mawili kwa wakati mmoja. Kisha kuna sikio. Nina mwanafunzi wa miaka minane aliyeanza na mitano. Bajaji ikipiga honi barabarani, yeye husema "hiyo ni F" kabla sijainua kichwa. Nikigusa F kwenye piano, ndiyo yenyewe. Uwezo huo wa kuitambua sauti peke yake, bila kuilinganisha na nyingine, ni wa wachache, na karibu wote walio nao walianza muziki kabla ya miaka sita au saba hivi. Mimi nilianza na 16. Sinao, na sitaupata.

Lakini takwimu hizi zinataka kusomwa kwa utulivu. Mwaka 2021 Laura Wesseldijk, Miriam Mosing na Fredrik Ullén walichapisha uchunguzi wao juu ya wanamuziki wa kulipwa na maelfu ya mapacha wa Sweden. Nao walikuta kwamba waliowahi kuanza huwa na sikio zuri zaidi la muziki. Walipolinganisha mapacha, ikaonekana kuwa sehemu kubwa ya uhusiano huo inatokana na urithi na nyumba mtu aliyokulia. Nyumba yenye muziki hulea mtoto mwenye sikio, na nyumba hiyohiyo ndiyo inayomwahisha kwenye somo. Sisi kwa mbali tunaona umri tu, hatuoni nyumba iliyosimama nyuma yake.

Mfano wa Mozart ndio unaopendwa na wazazi, na ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. Ni kweli alikuwa anapiga vipande vidogo akiwa na miaka minne au mitano. Lakini tazama alivyofika hapo. Baba yake, Leopold, alikuwa mwanamuziki wa kazi na mwalimu aliyeandika kitabu cha kufundishia fidla. Mwaka 1759 alimwandalia binti yake Nannerl, aliyezaliwa 1751, daftari la vipande vya kujifunzia. Mdogo mtu alikuwa palepale chumbani dada akifundishwa, akisikiliza, akinyoosha mkono kugusa. Mtoto yule alikuwa na dada upande mmoja na baba upande wa pili, kila siku, ndani ya nyumba. Nannerl naye alipiga vizuri mno, Ulaya ikamshangilia, hadi alipokuwa mwanamwali na safari za kupiga mbele za watu zikakoma kwake huku za mdogo wake zikiendelea. Chumba kimoja, mwalimu mmoja. Kilichoamua mwisho wake hakikuwa mwaka alioanza.

Mtu mwingine ambaye jina lake hutajwa kila panapozungumzwa watoto wadogo na muziki ni Shinichi Suzuki wa Japani. Alizaliwa Nagoya mwaka 1898, na njia yake ya kufundisha watoto kuanzia miaka mitatu imeenea dunia nzima, kwanza kwa fidla, baadaye kwa piano na ala nyingine. Wachache wanaotaja jina lake wanajua kwamba yeye mwenyewe alianza kupiga fidla akiwa na miaka 17. Baba yake alikuwa na kiwanda cha fidla, ala zilimzunguka tangu utotoni, na hakuzijali mpaka aliposikia santuri ya mpiga fidla Mischa Elman. Kisha akajifundisha mwenyewe kwa kuisikiliza na kuiga.

Hoja ya Suzuki ilikuwa nyepesi, na sisi tunaokua na lugha mbili tatu mdomoni tunaielewa haraka: kila mtoto huimudu lugha ya mama yake bila kufundishwa sarufi, kwa sababu anaisikia mchana kutwa na anapokosea anarekebishwa kwa upendo. Muziki nao unaweza kuingia hivyo. Lakini aliweka sharti, na sharti ndilo tunaloliruka. Mzazi lazima ahudhurie somo. Mara nyingi mzazi ndiye anayeanza kujifunza, mtoto akimtazama hadi naye atake. Nyumbani mzazi ndiye mwalimu wa siku sita zilizobaki.

Linganisha na ninachokiona getini kwangu. Mtoto wa miaka mitano analetwa na dereva, anashushwa na mkoba wenye vitabu vya bei kubwa, anakaa nami dakika 30, anachukuliwa. Wiki nzima hakuna anayemuuliza amejifunza nini. Baada ya miezi minne naulizwa mbona hapigi wimbo. Huyo mtoto hakuanza mapema. Ameanza peke yake, na mtoto wa miaka mitano hawezi kuanza kitu chochote peke yake, hata kuswaki.

Mwaka mmoja, katika kundi la watoto kama hao, mmoja tu alikwenda mbele kwa kasi iliyonishangaza. Huyu aliletwa na dada wa kazi, binti wa miaka kama 19, ambaye badala ya kusubiri nje aliomba akae ndani kwa sababu ya jua. Alikaa kwenye kigoda kona ile, kimya, wiki baada ya wiki. Mwezi wa tatu nilimsikia akimwimbia mtoto zoezi la mkono wa kulia wakati wanavaa viatu, sauti zote sahihi, na hesabu ya midundo kwa vidole. Nikamuuliza nyumbani wanafanyaje. Akasema, "Mwalimu, jioni baada ya kuoga tunakaa wote, mimi namwimbia, yeye anabonyeza. Akikosea ananuna, basi tunarudia polepole." Binti yule alikuwa hajawahi kukigusa kibonyezo hata kimoja. Siku ile nilimwambia akae, nikamwonyesha kidole gumba kinaanzia wapi. Mtoto alifurahi kuliko mimi. Tangu hapo siku ya kwanza huwa sitazami umri kwenye fomu. Natazama nani kamshika mtoto mkono.

Na mtoto wa miaka mitatu na nusu yule wa kwenye simu? Nilimwambia mama yake amwimbie. Wapige makofi, wacheze, wamwache abonyeze atakavyo kama kinanda kipo. Vidole vya umri ule vina nguvu ndogo, na mtoto asiyeweza kukaa dakika tano hajakosa nidhamu, ana miaka mitatu. Wengi wanaonijia na miaka sita au saba, wakiwa wameimba sana nyumbani, humfikia katika muda mfupi yule aliyelazimishwa tangu mitatu, na wana kitu ambacho mwenzao mara nyingi ameshakipoteza, yaani hamu.

Sasa niseme ya kwangu, kwa sababu huku kwetu wengi wanaopiga kinanda mbele za watu wametoka nilikotoka mimi. Nilikulia kando ya Moshi, katika usharika wenye kinanda cha kukanyaga. Miguu inasukuma upepo, vidole vinaufungulia njia, na ukichoka miguu wimbo unakufa katikati. Mpigaji wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Nilipokuwa na miaka 14 alinipa kazi ya kumgeuzia kurasa. Miaka miwili nilisimama pembeni yake kila Jumapili, nikitazama mikono yake kwa karibu hivi kwamba hadi leo nakumbuka kovu la kidole chake cha shahada. Hakunifundisha kwa maneno. Siku moja, baada ya ibada, alisogea kwenye benchi akaniachia nafasi, akasema, "Haya, baba, sauti ya nne." Nikapiga besi peke yake, kwa mkono wa kushoto, yeye akipiga zile tatu za juu.

Nota tulizojua zilikuwa za solfa, zile herufi za do re mi ambazo John Curwen alizisambaza Uingereza katika karne ya 19 na wamisionari wakazileta hadi vijijini kwetu. Ziliandikwa kwa chaki ubaoni siku ya mazoezi, sauti nne moja chini ya nyingine, na kwaya ya watu 40 ikajifunza wimbo mpya kwa jioni mbili. Nota za mistari mitano nilikuja kuzisoma nikiwa na miaka 24. Sioni aibu kuitaja njia hii wala sitaki iitwe ya kubahatisha. Ilikuwa shule yenye mwalimu, yenye mitihani kila Jumapili, na yenye watu 40 waliokuwa wananihitaji. Kijana wa miaka 16 hahitaji kubembelezwa afanye mazoezi akijua kwamba asipofanya, kwaya nzima itaanguka naye mbele ya wazazi wao.

Ilinigharimu pia. Kidole changu cha pete cha mkono wa kushoto hakijawahi kuwa huru kama kinavyopaswa, na kiwiko changu kilijifunza ukakamavu ambao ilinichukua miaka kuuondoa. Mwalimu aliyeniona mapema angeyazuia hayo. Ndiyo maana siwaambii vijana kuwa umri hauna maana. Nawaambia una bei, na bei yenyewe inalipika.

Walioilipa wapo, hata juu kabisa. Sviatoslav Richter, aliyezaliwa Ukraine mwaka 1915, hakupita katika mstari wa watoto wa ajabu. Baba yake alikuwa mpiga piano na kinanda cha kanisa, na Richter kwa sehemu kubwa alijifundisha mwenyewe kwa kusoma maandishi ya opera na kuwapigia waimbaji wa jumba la opera la Odessa wakati wa mazoezi yao. Alipofika Moscow mwaka 1937 kwa mwalimu Heinrich Neuhaus alikuwa na miaka 22, na akaja kuwa mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne ya 20. Nikisoma habari zake namwona mgeuza kurasa mwenzangu, ila yeye pembeni yake palikuwa na opera nzima. Mwingine ni Ignacy Paderewski wa Poland. Alikuwa amepiga tangu utotoni, lakini ufundi wenyewe aliutafuta mwaka 1884 alipokwenda Vienna kwa mwalimu Theodor Leschetizky, akiwa na miaka 24, akarudishwa kwenye mazoezi ya vidole kama anayeanza. Aliyavumilia. Baadaye alijaza kumbi za Ulaya na Marekani, na mwaka 1919 akawa waziri mkuu wa nchi yake.

Kwetu pwani hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akafinyanga na kuuza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911, akiwa na miaka kama 30, na huko mjini ndiko alikofundishwa taarabu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikasikika kotekote kwenye mwambao huu. Ala zake hazikuwa piano, lakini nani kati yetu angethubutu kumwambia mwanamke yule, siku anashuka mjini na vyungu vyake, kwamba muziki huanzwa na miaka minne? Alipata waliokuwa tayari kukaa naye na kumfundisha. Hilo lilitosha.

Neno kinanda lenyewe, kwa wazee wa pwani, lilikuwa la ala ya nyuzi inayokung'utwa kwa vidole, jamaa ya gambusi. Baadaye ndipo lilipohamia kwenye ala za vibonyezo. Watu wa lugha husema ni neno lililopotea njia. Mimi naona limefika nyumbani, kwa kuwa ukifunua kifuniko cha piano unakuta nyuzi zaidi ya 200 za chuma, na nyundo ndogo za mbao zilizovikwa sufu zikizigonga. Ndiyo sababu hewa ya chumvi ya Dar, Mombasa na Unguja inaitesa piano: chuma kinapata kutu, mbao inavimba, sauti zinahama, na fundi wa kuzirudisha ni wa kutafutwa. Ndiyo sababu pia namwambia anayeanza, wa umri wowote, atafute kinanda chenye vibonyezo vizito kidogo kama anaweza. Kile chepesi cha plastiki kinaimba ukikipuliza, na vidole havijifunzi uzito.

Nirudi kwa watu wazima, maana hao ndio nimewapoteza wengi zaidi na hao ndio wananikosesha usingizi. Mtu mzima anaelewa haraka. Majina ya mistari na nafasi, ambayo mtoto huyafanyia kazi miezi, yeye anayajua kwa wiki mbili. Anajua kuhesabu, anajua kwa nini tunarudia. Tatizo lake ni kwamba sikio limemtangulia. Ameusikia muziki mzuri miaka 40. Anajua kabisa wimbo unavyotakiwa kuwa, na anachokisikia kikitoka vidoleni mwake hakifanani nao. Mtoto hana kipimo hicho. Mtoto akipiga sauti tatu anacheka na kuzirudia. Mtu mzima akipiga sauti hizohizo anakunja uso, anaomba radhi, anatazama mlango.

Na sisi tumelelewa kwamba mkubwa hakosolewi mbele za watu. Nimekuwa na mwanasheria aliyeniomba apangiwe saa ambayo hakuna mtoto hata mmoja kwenye varanda, na mama aliyefunga madirisha kwa joto la Januari ili mlinzi asimsikie. Wote walikuwa na vidole vizuri. Waliacha. Baada ya kuwapoteza hao nilibadilisha namna ninavyosema. Kwa mtu mzima simwambii "umekosea". Nasema "mkono wa kushoto umetangulia kidogo", kana kwamba mkono ule ni wa mtu wa tatu tuliyemleta wote wawili kumfundisha. Namwambia, "Tumsubiri wa kulia." Lugha yetu ina nafasi kubwa ya kumhifadhi mtu heshima yake, na mwalimu asiyeitumia hapa anafukuza wanafunzi kisha anawasingizia umri.

Mtu mzima hataki mtu wa kumsimamia mazoezi. Anataka pembeni yake mtu ambaye mbele yake anaweza kukosea bila kupungukiwa. Wakati mwingine ni mwenzi wake. Nimeona mume na mke wakianza pamoja, wote wakiwa wamepita 50, mmoja mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, na hawajaacha mpaka leo. Na anataka wimbo wa kweli mapema. Usimpe mtu wa miaka 45 wimbo wa bata na kuku. Mpe mstari mmoja kutoka Tenzi za Rohoni anaoujua tangu kwa bibi yake, au taarabu aliyochezea harusini, hata kama ni kwa vidole vitatu. Dakika 20 kila siku zinamtosha, na zinashinda saa tatu za Jumamosi.

Mitihani ya gredi, ambayo wazazi wengi huiona ndiyo safari yenyewe, haina ubaguzi huu tulionao. Bodi ya ABRSM ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1889 na inayotahini hadi huku Afrika Mashariki, ina gredi nane na haiweki umri wa chini wala wa juu. Kufaulu ni alama 100 kati ya 150, na alama zile hazimjui mtoto wala mzee. Kama vyeti vinamsaidia mtu, avichukue. Mimi ningependa zaidi kuona mtu anayeweza kukaa kwenye kinanda msibani na kuwashika waimbaji wasipotee.

Muuguzi wangu hakutaka gredi. Alitaka kupiga nyimbo nne, akanitajia majina. Nilimweleza ninachojua: kwamba mwaka 2007 Jennifer Bugos na wenzake walichapisha matokeo ya watu wa miaka 60 hadi 85 waliofundishwa piano kwa miezi sita, na walionekana kusonga mbele katika vipimo vya umakini na wepesi wa kufikiri kuliko wenzao ambao hawakufundishwa. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema hakuja kwa ajili ya ubongo. Miaka 37 mikono yake ilitafuta mishipa ya watoto wachanga. Alitaka kuipa kazi nyingine.

Mikono ile ilinifundisha. Asubuhi ilikuwa migumu, kwa hiyo tukakutana jioni. Lakini ilikuwa na utulivu ambao sijauona kwa kijana yeyote. Ikitua, inatua palepale. Wiki ya sita alikuwa anapiga sauti ya kwanza na ya nne pamoja, polepole sana. Kilichomkwamisha kilikuwa kinanda cha kufanyia mazoezi. Nyumbani hana. Kanisani kwao kipo, kizuri, kimewekwa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na ufunguo anao mtu mmoja ambaye huja Jumapili.

Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze kwa uzito, sisi wa makwaya, wachungaji, mapadre, wakuu wa shule. Vyuo tunavyo. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music tangu 1944, Unguja kuna Dhow Countries Music Academy tangu 2002, Bagamoyo kuna taasisi ya sanaa. Lakini mtu wa Mbagala au wa Same havifikii, na piano ya kununua haiwezi. Kinachoweza kumfikia ni kinanda cha kanisani kilichofungiwa siku sita kwa wiki. Najua sababu: viliwahi kuibwa, viliwahi kuharibiwa na watoto, waya ziliwahi kuungua. Ni sababu za kweli. Lakini mpigaji yule mmoja akiugua, kwaya inaimba mikono mitupu, kisha tunalalamika kwamba vijana hawajifunzi. Watajifunzia wapi? Na nani alisimama pembeni ya nani? Kinanda kifunguliwe jioni mbili kwa wiki, awepo mtu mzima mmoja wa kukilinda, na asiulizwe mtu umri wake. Gharama yake ni umeme kidogo na mlinzi mwenye subira.

Muuguzi wangu hakusubiri barua ya mtu. Alikwenda kwa wazee wa kanisa, akawaambia amelinda dawa za hospitali miaka 37 na hajapoteza ufunguo. Wakampa. Tangu Juni, Jumatano na Ijumaa saa kumi na moja, sanduku linafunguliwa.

Wiki iliyopita nilipita kumsikiliza. Nilikaa nyuma, mabenchi ya mwisho, hakuniona. Alikuwa kwenye wimbo wake wa pili, mikono yote miwili. Kando yake alisimama mvulana wa sare ya shule, miaka 14 au 15, mkoba bado mgongoni, mkono kwenye kona ya ukurasa. Walifika mstari wa mwisho, mvulana akageuza mapema mno, wote wakapotea. Mama akaurudisha ukurasa, akasogea kidogo kwenye benchi, wakaanza tena kutoka mwanzo.